Mkurugenzi Ana Chawa

Nyumbani kwa bibi yako,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mpwa wangu, binti wa dada yangu,

Kabla ya salamu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuandika ovyo. Katika jengo letu la kazini hakuna mkubwa hata mmoja anayefika kwenye kiti chake bila idhini yangu. Mawakili, madaktari wa meno, watu wa benki, wote huingia ndani ya lifti wakasimama kimya, macho kwenye kidole changu. Nikibonyeza, wanapanda. Nisipobonyeza, shughuli za mji mzima zinalala. Juzi nilichelewa kidogo tu, nikawakuta chini wamejipanga kama watoto wa chekechea, maana ngazi hawaziwezi, matumbo hayawaruhusu. Kwa hiyo mtu kama mimi akishika kalamu siku yake ya mapumziko, ujue jambo ni zito.

Haya, salamu sasa. Hujambo? U mzima? Najua ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza, basi nakuitikia kabisa: marahaba, marahaba sana mwanangu. Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko? Unakula, au bado ni yale mambo yako ya chai kavu na haraka? Na yule mwenye nyumba wako anayegonga mlango kwa funguo, ameacha? Mwambie una mjomba. Usimweleze zaidi, hiyo inatosha.

Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako mzima, ila mgongo, na mgongo wenyewe huuma zaidi vyombo vikirundikana. Najua amekwisha kukutumia ile sauti kwenye simu kuhusu samaki. Nilimsikia akinong'ona jikoni, na mtu mwenye habari za kweli hanong'oni. Kama hujaifungua, usiifungue. Kama umeifungua, isahau. Habari kamili ni hii ninayokupa mimi, niliyekuwepo na niliyeona.

Nianze na bibi yako, maana ndiye anayekuuma moyo. Tangu alipoanguka bafuni, daktari anasema goti limepona, ila mwenye goti hajaambiwa. Hasimami. Asubuhi tunamtoa kitandani kumweka kitini, jioni tunamtoa kitini kumrudisha kitandani. Daktari alinivuta pembeni, kwa sababu aliona mimi ndiye mwenye kuelewa, akasema mama huyu ale, apate nguvu, na siku moja asimame kwa hiari yake, vinginevyo miguu itasahau kazi. Sasa kula kwake kuna masharti. Kiti chake kiko mbele ya lile tangi la kioo ulilomwachia, na hali mpaka samaki wako mkubwa mwekundu ale kwanza. Anamtupia chakula kidogo, yule anapanda juu anafungua mdomo, na bibi yako naye anafungua mdomo. Mkurugenzi akila, mama kala. Ulimpa jina lililomkaa yule samaki. Anavyopita mbele ya wenzake, tumbo mbele, hana haraka, hasalimii mtu, ni mkurugenzi mtupu.

Basi siku moja Mkurugenzi hakupanda juu.

Alikuwa chini kabisa, anajisugua ubavu kwenye jiwe, mara anachomoka kama kapigwa na umeme, anazunguka, anarudi kujisugua. Mapezi kayabana. Wale wadogo nao wakaanza mchezo huohuo. Bibi yako akaita, akatupa chakula, akaita tena kwa sauti ile aliyokuwa akituitia sisi tulipokuwa watoto. Chakula kikashuka mpaka kwenye mchanga, hakuna aliyekigusa. Akakifuata kwa macho mpaka kilipotulia, kisha akasukuma sahani yake mbele.

"Mama, kula basi," nikamwambia.

"Nimeshiba."

Kashiba nini? Chai nusu kikombe!

Mpwa wangu, mimi ni mtu wa kuona mbali. Darasani sikukaa sana, walimu walikosa cha kuniongezea, lakini kazi ya lifti inafundisha mtu kusoma sura. Nimewahi kumtambua mwizi kwa jinsi alivyopumua tu, toka ghorofa ya tatu mpaka ya tisa, na alipotoka nilimwambia rudisha, akarudisha vitu ambavyo hata mwenyewe alikuwa kasahau kwamba aliviiba. Kwa hiyo nilipotazama lile tangi nikajua mara moja: hapa kuna mkono wa mtu.

Wa kwanza kumtilia shaka alikuwa yule fundi wa kushona wa ghorofa ya juu. Unamkumbuka, yule mama anayeongea na pini mdomoni. Kila siku anashuka eti kumjulia hali bibi yako. Kila siku! Nani ana mapenzi hayo? Tena anagonga kioo kwa kidole na kuuliza, "Huyu mkubwa akikaangwa, anatosha watu wangapi?" Bibi yako anacheka. Mimi sikucheka. Niliandika kichwani.

Wa pili, nakwambia kwa masikitiko, alikuwa mkaza mjomba wako. Nilikuta ndoo ya tangi inanuka sabuni. Nikamuuliza kwa upole. Akaniambia, "Ndoo hiyo nimefulia soksi zako, ungekuwa unazifua mwenyewe isingenuka." Mtu asiye na hatia hujibu swali aliloulizwa, haingizi soksi.

Nikaweka mtego. Nilichomoa unywele mmoja kichwani kwangu, na unajua akiba yenyewe ilivyo ndogo, nikaulaza juu ya kifuniko cha tangi kama wafanyavyo wapelelezi. Kisha nikakaa nyuma ya pazia. Nilipotoka kwenda kunywa maji na kurudi, unywele haupo! Nikawakusanya wote sebuleni, nikafunga mlango, nikawatazama mmoja mmoja. Bibi yako akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza habari ya unywele.

"Kumbe ni wako?" akasema. "Nimeutoa nilipofungua kuwapa chakula. Nilidhani ni wa paka."

Hatuna paka. Lakini mzazi ni mzazi, sikumjibu.

Sasa fundi wa juu, bila kuniuliza mimi mwenye nyumba, akamleta yule muuza samaki wa mapambo, mwenye duka kule karibu na kituo cha mafuta. Ni mtu mfupi, mikono ya shati imelowa muda wote, na ana dharau ya kuzaliwa nayo. Alipoingia alimwamkia bibi yako, akamsalimu mkaza mjomba wako, mimi akanitikisia kichwa tu. Nikasema moyoni, huyu kaja na lake. Akachuchumaa mbele ya tangi, pua kwenye kioo. Mimi nikapita upande wa pili, nikainama nami, nimwangalie mikono. Ikawa tunatazamana yeye na mimi, maji katikati.

"Huyo mkubwa anaitwa Mkurugenzi," bibi yako akamwambia.

Yule bwana akatazama. Akaguna. Akasogea. Kisha akanyoosha kidole, mpwa wangu, moja kwa moja usoni kwangu, akasema:

"Mkurugenzi wenu ana chawa. Huyu hapa. Mnene kweli, kamganda."

Wewe uko mbali, labda huko neno hili halijafika kwa maana yake mpya. Siku hizi mtu anayemganda mkubwa kwa sifa, anayecheka kabla utani haujaisha, ndiye anaitwa chawa. Na mimi kazini huwa nampokea mkurugenzi wetu mkoba, toka kwenye gari mpaka kwenye lifti. Ni heshima tu! Mkoba ni mzito, na yeye ni mtu wa mawazo. Lakini bawabu wa pale mlangoni, ambaye wivu umemkondesha, ananiita chawa wa mkurugenzi mbele ya mawakili na mihuri yao. Sasa neno lilelile linanifuata mpaka sebuleni kwa mama yangu!

Nikajikaza. Nikauliza, "Nani chawa?"

"Huyu, mzee. Humwoni? Anamnyonya tu mwenzake hapa."

"Namnyonya?"

"Ndiyo kazi yao. Wakishamganda mkubwa, hawatoki kwa maneno. Mpaka uwatoe kwa mkono."

"Nani atanitoa kwa mkono?"

"Au kwa kibano," akasema, wala hakuinua macho. "Tena mkiwachelewesha watazaa, itakuwa ukoo mzima."

Hapo ukoo mzima ulipoingizwa, ukoo wako wewe, damu ikanipanda. Nikamnyanyua kwa kola, au tuseme nilimwonyesha mlango kwa namna ambayo kola ilihusika. Nikamwambia aende akamwambie aliyemtuma kwamba salamu zimefika.

"Aliyenituma nani?"

"Bawabu. Unamjua."

"Mzee, mimi nimeitwa kuangalia samaki."

"Toka!"

Akatoka. Fundi wa juu nusura ameze pini. Mkaza mjomba wako akaingia jikoni na kufunga mlango, na nina hakika alikuwa anacheka, kwa sababu masufuria yalikuwa yanatingishika.

Basi nikajiona nimelinda heshima ya nyumba. Lakini Mkurugenzi alizidi. Ubavuni akatoka alama nyekundu kama amechomwa na sindano. Mmoja wa wale wadogo akaelea juu, tumbo kando, bibi yako akamwona kabla sijawahi kumwondoa. Siku hiyo hata ile nusu ya chai hakuigusa. Mkaza mjomba wako akajaribu uji, akajaribu supu, akajaribu kumtania, wapi. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Tulipomnyanyua jioni kumpeleka kitandani, nikahisi uzito umepungua mikononi mwangu. Hapo maji yalinifika shingoni, na sina haya kukwambia. Samaki nilikuwa nimezoea kuwaona kama pambo tu, lakini mama ninaye mmoja.

Kesho yake nikiwa namfunga lemba akaniuliza.

"Yule mtu wa samaki alisema nini?"

"Alinitukana, mama."

"Sikukuuliza alifanya nini. Alisema nini?"

"Alisema Mkurugenzi ana chawa."

"Mkurugenzi yupi?"

Nikaendelea kukaza lemba.

"Wewe una mkurugenzi wako wa mkoba," akasema. "Huyu hapa ni wa kwangu. Niletee miwani."

Nikamletea. Akasogeza uso kwenye kioo, akakaa hivyo muda. Kisha akaniita bila kugeuka: "Njoo. Inama. Inama vizuri, hakuna anayekupiga picha."

Mpwa wangu, nikaona. Chini ya pezi la Mkurugenzi kulikuwa na kitu bapa, cha mviringo, kinapitisha mwanga kama kipande cha ukucha. Mbele kina viduara viwili kama macho ya mtu aliyeshtuka. Nikadhani ni gamba linataka kubanduka. Halafu gamba likatembea! Likatoka chini ya pezi likaenda mpaka karibu na shavu, taratibu, kama mtu anayehama ofisi. Nyuma yake nikaona la pili. Mkiani la tatu.

"Chawa," akasema bibi yako.

"Chawa," nikasema mimi. Chawa mwenyewe, wa kweli, wa samaki.

Nikavaa viatu. Sikwenda kuomba radhi, maana mtu wa cheo changu haombi radhi dukani. Nilikwenda kumpa yule bwana nafasi ya kujieleza. Nilimkuta katikati ya matangi yake, kila ukuta unatoa mapovu.

"Karibu mzee," akasema. "Leo umekuja kunifukuza na hapa?"

Nikamwambia yaliyopita si ndwele. Akacheka, akasema ndwele bado zinaogelea. Nikaanza kumhoji kitaalamu, nikijua mwenye dawa ndiye mwenye faida ya ugonjwa. Nikamuuliza kama hao chawa hawakutoka kwake, pamoja na samaki.

"Samaki wale nilimuuzia binti yenu kabla hajasafiri. Chawa angekaa kimya muda wote huo? Amekuwa mpelelezi kama wewe? Hebu niambie, mmeongeza nini humo ndani?"

"Hatujaongeza kitu."

"Samaki mgeni?"

"Hapana."

"Konokono? Jiwe? Majani?"

Nikakohoa.

"Majani ya wapi, mzee?"

Hapa sharti nikueleze. Ulipolalamika kwenye simu kwamba tangi lako linaonekana kwenye picha likiwa tupu, mimi ndiye niliyehangaika. Nilikwenda katika bwawa la bustani ya mji nikatoa majani ya majini, mabichi, mazuri ajabu, nikayapanda mwenyewe kwenye mchanga. Bwawa lile lina kina cha kutisha. Kuna watu wanasema halina mwisho. Nilitoka nimelowa, roho mkononi, yote kwa ajili ya kupamba zawadi yako.

"Ya bwawani," nikamjibu.

"Bwawa lipi?"

"Bwawa kubwa."

"Lile la bata? Lile ambalo maji yake yanaishia kwenye soksi?"

Kuna maswali hayana adabu.

Akanieleza kwamba chawa wale na mayai yao hukaa kwenye majani ya mabwawani, na ukiyatia tangini bila kuyasafisha umewafungulia mlango na kuwaandalia meza. Mara ile nikakumbuka jambo, na nataka na wewe ulipime. Siku nilipoyachukua yale majani, mtunza bustani alikuwa amekaa palepale kwenye toroli lake. Nikamuomba kidogo tu. Unajua alinijibu nini? "Chukua mzee, chukua yote, wala usijali." Na akatabasamu! Mtu gani anagawa mali ya mji kwa furaha namna hiyo, kama hajui kilichomo? Nimeanza kupita pale mara kwa mara, natembea kama sina habari. Ananisalimu vizuri mno. Huyo simwachii.

Yule wa duka akanipa chupa ya dawa ya kutia majini na maelekezo. Majani yote yatolewe yatupwe. Mawe yachemshwe. Kioo kisuguliwe pembeni, maana mayai hunata pale mistari kwa mistari. Samaki mmoja mmoja atolewe, ashikwe ndani ya kitambaa kilicholowa, chawa wang'olewe kwa kibano bila kumbandua magamba, halafu apumzishwe kidogo katika ndoo ya maji yenye chumvi huku ukimtazama asilegee. Na dawa irudiwe, kwa sababu mayai yaliyobaki yatapasuka baadaye.

Nikarudi, nikawasomea watu wa nyumbani kama hotuba. Nilipofika kwenye kutia chumvi, bibi yako akamwambia mkaza mjomba wako, "Hapo mwachie mwenyewe, ndiyo fani yake." Wakacheka hao wanawake mpaka fundi wa juu akagonga sakafu kuuliza kuna nini. Nilivumilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akicheka tangu yule mdogo aelee.

Kazi yenyewe, mpwa wangu, ilikuwa vita. Tulitandika taulo mezani, tukasogeza taa, mkaza mjomba wako akaleta kibano chake cha nyusi huku analia nacho kana kwamba ni mtoto anakwenda jeshini. Nikamtoa Mkurugenzi kwa wavu. Alikuwa mzito, mwenye hasira, anapiga mkia kama nyoka wa baharini, maji mpaka kwenye dari. Nikamzungushia kitambaa. Chawa wa kwanza alinata, kibano kikakaribia kupinda, mara paa! Akang'oka. Wa pili na wa tatu wakafuata, na mmoja alikuwa kajificha ndani ya shavu, fundi wa kujificha kuliko wote. Baada ya hapo chumvini, baada ya hapo kwenye maji safi. Wadogo nao wakapata zamu yao. Haikuwa kazi ya mtu mwenye moyo mwepesi, na naliacha jambo hilo hapo.

Matokeo ndiyo unayoyasubiri. Siku mbili tatu Mkurugenzi alikaa kwenye kona yake amenuna. Kisha bibi yako akatupa chakula, akaita, na yule bwana akapanda, taratibu, tumbo mbele, akafungua mdomo. Bibi yako hakugeuka kututazama. Alinyoosha tu mkono kando, kama daktari anayeomba mkasi, na mkaza mjomba wako akamwekea sahani mkononi. Alikula ikaisha. Akaomba nyingine, akalaumu kwamba imepoa. Mimi nilikwenda dirishani kuangalia kama kuna mtu barabarani.

Sasa anakula vizuri, anagombana vizuri, na dawa tumeirudia kama tulivyoagizwa. Kioo nakikagua kila nikitoka kazini. Hata hivyo sijalala. Muuza samaki amekuwa rafiki wa nyumba kwa haraka mno, juzi kaleta majani mapya ya bure, eti amekwisha kuyasafisha. Ya bure! Nimeyaweka kwenye ndoo peke yake, nayatazama. Na fundi wa juu siku hizi haulizi tena habari ya kukaanga. Kwa nini kaacha?

Nisalimie mama yako ukimpigia, mwambie mdogo wake bado anasimamia nyumba ya wazazi. Msalimie baba yako pia, ile dharau yake kuhusu lifti nimemsamehe. Wasalimie na binamu zako, hasa yule Mrefu, aache kuinama akipiga picha. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Bibi yako anakuombea kila anapofumba macho, na anasema usimtumie sweta nyingine, joto la hapa linatosha.

Mungu akutangulie njiani, akuepushe na wanafiki, na akujalie usingizi usiokatizwa na funguo za mtu.

Wako akupendaye daima,
Mjomba wako, Lifti Kuu.

Nyongeza.

Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha. Bibi yako akasema nimsomee nilichoandika. Nikamsomea kwa sauti nzuri, na alikaa ametulia mpaka nilipofika kwenye ile vita. Akanyoosha kidole mezani, maana yake nirudi nikakae. Anasema ukweli uufahamu wote, na kwamba nisipouandika mimi atauandikisha kwa fundi wa juu. Huyo hawezi kupewa nafasi hiyo.

Basi ni hivi. Wavu niliushika mimi, hilo halina ubishi. Lakini Mkurugenzi alipofika mezani na kunipiga mkia wa kwanza mkononi, baridi, utelezi, mpwa wangu, ule utelezi, kitu kikaniingia mwilini nikapiga ukelele. Mkaza mjomba wako anasema ulikuwa ukelele wa mtoto mchanga, mimi nasema ulikuwa wa mtu mzima. Fundi wa juu alishuka na mkasi mkononi akidhani tumevamiwa. Nami nilikuwa nimemwachia samaki, anaruka juu ya taulo, anakwenda ukingoni mwa meza, na hakuna aliyekuwa karibu.

Bibi yako akasimama.

Bila fimbo, bila mtu kumshika. Alisimama akafika mezani, hatua zake mwenyewe, akamfunika Mkurugenzi kwa kitambaa kama anamfunika mtoto, akasema, "Leteni hicho kibano." Wale chawa wote aliwang'oa yeye, kwa miguu yake, na goti halikusema neno. Daktari alipoelezwa alikuja mwenyewe kuona, na tangu siku hiyo bibi yako anatembea mpaka dirishani na kurudi. Nilipaswa kuanza na habari hii, najua. Ila singeweza kuieleza bila ukelele.

Na alipomaliza, anataka kukaa, ilibidi angoje kidogo, kwa sababu juu ya kiti chake nilikuwa nimepanda mimi, na viatu.